Nafasi Kumi na Sita Ndani ya Boti: Hesabu ya Kuchagua Wachezaji wa Kandanda

Kata ya Kiongoroni imo ndani ya delta ya Mto Rufiji, katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Katika delta hiyo mto hugawanyika kuwa matawi mengi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, na baina ya matawi hayo imeota misitu mikubwa ya mikoko. Safari nyingi za watu wa huko huanza majini, na saa ya kuondoka haipangwi na abiria bali na kujaa na kupwa kwa maji. Timu ya kandanda ya kata kama hiyo, inapojiandaa kwenda kushindana mjini Kibiti, hukabiliwa na swali lile lile ambalo klabu kubwa za Dar es Salaam hukabiliana nalo kila mwaka kabla ya msimu wa Ligi Kuu kuanza. Swali hilo ni: nani aandikwe, na nani aachwe?

Ichukuliwe kwa mfano kwamba boti iliyopatikana inabeba watu 20. Wakiondolewa nahodha wa boti, mwalimu wa timu, meneja na mtunza dawa, zinabaki nafasi 16. Vijana waliohudhuria mazoezi ni 24. Je, zipo njia ngapi za kuchagua watu 16 miongoni mwa watu 24? Mwanafunzi aliyesoma hesabu za mpangilio atapata jibu kwa dakika chache: njia 735,471. Kama kamati ya timu ingeketi kujadili kila orodha kwa dakika moja tu, mchana na usiku bila kulala wala kula, ingemaliza kazi hiyo baada ya siku 510. Klabu ya kulipwa inayotaka wachezaji 25 kutoka katika kundi la watu 40 ina njia 40,225,345,056. Kwa mwendo huo wa dakika moja kwa kila orodha, kikao chake kingedumu zaidi ya miaka 76,000.

Ni dhahiri, basi, kwamba hakuna mwalimu wa kandanda anayechagua kwa namna hiyo. Hupunguza. Na jambo la kwanza ambalo msomaji anapaswa kulifahamu ni kuwa sehemu kubwa ya orodha ya klabu huwa imekwisha kuandikwa kabla ya mpira kupigwa hata mara moja.

Wachezaji wengi wa klabu ya kulipwa wana mikataba inayoendelea, na mkataba hauvunjwi kwa sababu ya mazoezi mabaya ya juma moja. Tena zipo kanuni. Katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara idadi ya wachezaji wa kigeni walioruhusiwa kusajiliwa na kila klabu ilipandishwa mwaka 2015 kutoka watano hadi saba. Mwaka 2018 ikafika kumi, na baadaye ikawa kumi na wawili. Mgeni wa kumi na tatu, hata akiwa hodari kuliko wenyeji wote, hana nafasi mpaka mmoja wa wenzake aondolewe. Hivyo mtazamaji anayeshangaa kwa nini fulani ameachwa aghalabu hulitafuta jibu miguuni mwa mchezaji, hali jibu lenyewe liko katika kitabu cha kanuni au katika daftari la mhasibu.

Baada ya kanuni huja afya. Mnamo tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kameruni, alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, katika pambano dhidi ya Kolombia, akafariki dunia. Ilibainika kwamba alikuwa na ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo. Tangu hapo uchunguzi wa moyo kwa wachezaji umetiliwa mkazo zaidi duniani. Mchezaji ambaye kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha kasoro huondolewa katika mazoezi mpaka wataalamu watoe kauli yao, na hapa hapana mjadala wa kipaji.

Kisha hupimwa pumzi. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alitangaza kipimo ambacho shule yoyote yenye uwanja na saa yaweza kukitumia: mtu hukimbia kwa dakika 12, na umbali aliokwenda hupimwa kwa mita. Ukitoa 504.9 katika umbali huo, kisha ukagawanya kwa 44.73, unapata kadirio la mililita za oksijeni ambazo kila kilo ya mwili wake huweza kutumia kwa dakika moja. Aliyekimbia mita 2,800 hupata takriban 51. Ni kipimo kizuri na rahisi, lakini walimu wengi hukitumia vibaya. Katika mechi moja mchezaji wa kulipwa hupita kilomita 10 hadi 12, na sehemu kubwa ya mwendo huo ni kutembea na kukimbia polepole. Zile mbio kali ambazo mara nyingi ndizo huamua mechi ni sehemu ndogo tu. Kwa hiyo kipimo cha dakika 12 ni kama kizingiti cha mlango. Asiyekifikia hawezi kuingia, bali waliokivuka hawawezi kupangwa wa kwanza na wa pili kwa kufuata nani amekivuka kwa mita nyingi zaidi. Mwalimu anayempendelea mwenye 53 kuliko mwenye 51 anachagua wakimbiaji.

Wakiisha kutolewa wasioruhusiwa na kanuni, wagonjwa na wasio na pumzi, na wakiisha kuandikwa wale ambao kila mtu anajua kuwa lazima wawemo, hubaki nafasi tatu au nne na watu saba au wanane wanaozigombea. Klabu za Simba na Yanga huwaonyesha mashabiki vikosi vyao kwa sherehe kubwa: Simba kwa siku yake ya mwezi Agosti, iliyoanza mwaka 2009, na Yanga kwa Wiki ya Mwananchi. Shangwe huwa ni kwa ajili ya majina makubwa. Kazi ngumu ya benchi la ufundi ilikuwa juu ya yale majina machache ya mwisho, ambayo pengine uwanja mzima hauyapigii makofi. Na hapo ndipo penye somo la sayansi.

Mtu anayefahamu biashara ya boriti katika delta atakumbuka kwamba miti ya mikoko hutengwa kwa unene: nguzo, boriti, mazio, pau, fito, na huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Fundi mwenye jicho zuri hakosei sana, na akikosea, kamba ya kupimia itamsahihisha. Boriti iliyopimwa leo itakuwa na unene ule ule kesho. Mchezaji si hivyo. Anachokifanya leo kina sehemu mbili zilizochanganyika: uwezo wake halisi, na bahati ya siku. Upepo, usingizi alioupata, mpinzani aliyepangiwa, mpira uliodunda vibaya kwenye kichuguu, yote hayo yamo ndani ya alama anayopewa, na jicho haliwezi kuyatenganisha.

Ukubwa wa bahati hiyo waweza kuonekana darasani bila vifaa vyovyote isipokuwa sarafu. Wanafunzi 40 warushe sarafu kila mmoja mara 20 na kuhesabu ni mara ngapi umeangukia upande wa kichwa. Wastani utakuwa karibu na 10. Lakini uwezekano kwamba angalau mwanafunzi mmoja katika darasa hilo atapata 15 au zaidi ni asilimia 57, yaani zaidi ya nusu. Mwanafunzi huyo atashangiliwa, naye huenda akaanza kujiona kuwa ana mkono wa namna ya pekee. Aambiwe arushe tena mara 20: inatazamiwa atarudi karibu na 10, kama wenzake. Hakuna aliyemroga, wala hakulewa sifa. Alichaguliwa kwa sababu ya bahati yake, na bahati haiambatani na mtu.

Mwingereza Francis Galton alilieleza jambo hili mwaka 1886 alipochunguza urefu wa wazazi na watoto wao, akaona kwamba watoto wa wazazi warefu sana kwa kawaida huwa warefu, ila si kwa kiasi kile cha wazazi wao. Huku ndiko kurudi kwenye wastani. Katika kandanda kurudi huko hupewa majina mengi: mchezaji aliyeng'ara siku ya majaribio akafifia baada ya kusajiliwa husemwa kuwa ameridhika, ameharibiwa na fedha, au amefanyiwa mambo. Pengine ni kweli. Lakini kabla ya kumtuhumu mtu yafaa kuuliza alitazamwa mara ngapi kabla ya kusajiliwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Vijana wawili wamepewa pasi 20 kila mmoja za kupeleka kwenye alama; mmoja amefikisha 16, mwingine 14. Ikiwa uwezo wa kweli wa wote wawili ni kufikisha pasi tatu katika kila nne, basi matokeo ya kila mmoja huyumba kwa takriban pasi mbili juu au chini ya 15 kwa bahati tupu, na tofauti baina yao huyumba kwa karibu tatu. Kwa hiyo 16 na 14 hazitofautiani kwa maana yoyote. Mwalimu akimwacha wa pili kwa ajili ya pasi hizo mbili, amepiga kura ya sarafu akidhani amepima. Ili kuyumba huko kupungue kwa nusu haitoshi kupima mara mbili. Hapana budi kupima mara nne, kwa kuwa hitilafu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo.

Hapa ndipo linapoonekana jambo linalomhusu hasa kijana wa Kiongoroni. Kijana wa Temeke au Kinondoni, akiwa na kipaji, hutazamwa mara nyingi: katika ligi za mitaani, katika mabonanza, katika mechi za kirafiki. Alama zake mbaya na nzuri hukutana na kufidiana. Kijana wa delta huja mjini kwa nauli iliyochangwa, hujaribiwa asubuhi moja, na hurudi. Hata kama waamuzi wake ni waadilifu kabisa na hawamjui yeye wala mwenzake, kipimo chake kina hitilafu maradufu kuliko cha yule aliyetazamwa mara nne. Udhalimu huo hauna mtu wa kulaumiwa, na kwa sababu hiyo ni mgumu kuondoka.

Kinyume chake chaonekana katika safari ya Mbwana Samatta. Mwaka 2011 alicheza akiwa na Simba dhidi ya TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya klabu bingwa ya Afrika, na klabu hiyo hiyo ikamchukua mwaka huo huo. Baadaye akaenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016 na Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020. Mazembe hawakumtazama katika majaribio ya kupiga pasi kwenye alama. Walimtazama akipambana na mabeki wao wenyewe, ambao uwezo wao waliujua barabara. Hicho ni kipimo chenye thamani kubwa zaidi, kwa kuwa kitu kisichojulikana kilipimwa kwa kitu kinachojulikana. (Yafaa pia kukumbuka kwamba hadithi zinazosimuliwa ni za waliochaguliwa, walioachwa kimakosa hawana anayewasimulia, na hivyo makosa ya wachaguzi huonekana machache kuliko yalivyo.)

Tatizo la pili ni kwamba timu si jumla ya wachezaji. Wakipangwa watu 24 kwa alama, kuanzia wa juu hadi wa chini, kisha wakachukuliwa 16 wa kwanza, yaelekea wataingia washambuliaji saba na mlinda mlango mmoja. Thamani ya mtu wa mwisho hutegemea waliokwisha kuandikwa kabla yake. Mlinda mlango ni mfano ulio wazi kuliko yote. Katika ligi ya timu 16 kila timu hucheza mechi 30. Ichukuliwe kuwa kila mlinda mlango ana uwezekano wa moja katika kumi wa kukosekana siku ya mechi, kwa jeraha, maradhi, kadi au msiba, na kwamba kukosekana kwa mmoja hakumhusu mwenzake. Timu yenye walinda mlango wawili itajikuta bila hata mmoja kwa uwezekano wa moja katika mia kila mechi. Jambo dogo, lakini kwa mechi 30 uwezekano wa kupatwa na siku hiyo angalau mara moja hufika asilimia 26. Akiongezwa wa tatu, hushuka hadi asilimia 3. Ndiyo sababu klabu humlipa mtu mshahara wa mwaka mzima akae benchi, na mashabiki wanaouliza anafanya kazi gani wajibiwe kwamba kazi yake ni kupunguza asilimia 26 iwe 3.

Kwa boti ya Kiongoroni, ambayo huenda kwa mashindano ya siku chache, walinda mlango wawili watatosha, na nafasi inayookolewa apewe yule ambaye Waswahili wa kandanda humwita kiraka: mtu awezaye kucheza beki wa kulia leo na kiungo kesho. Kiraka hashiki nafasi ya kwanza katika kipimo chochote. Ukimpima kwa mbio yu wa tisa, kwa pasi yu wa kumi, kwa kichwa yu wa nane. Lakini akiingia katika orodha huziba mianya mitatu kwa kiti kimoja. Walimu wazoefu humchukua bila kuweza kueleza sababu, na sababu ni hiyo. Ni kweli kwamba umuhimu wake umepungua kidogo katika ngazi za juu, kwa vile tangu mwaka 2020 timu zimeruhusiwa kubadili wachezaji watano badala ya watatu, na katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 kila taifa liliruhusiwa watu 26 badala ya 23. Lakini boti haikuongezewa viti.

Lipo na suala la nidhamu, ambalo halipimiki kwa saa wala kwa kamba. Agosti 2018, Emmanuel Amunike, Mnigeria aliyekuwa kocha wa Taifa Stars, aliwaondoa kikosini wachezaji sita wa Simba na mmoja wa Yanga kwa kuchelewa kuripoti kambini kabla ya mechi na Uganda. Kelele zilikuwa nyingi. Mechi yenyewe, iliyochezwa Kampala mwezi Septemba, iliisha bila bao. Machi 2019 Tanzania ikaifunga Uganda mabao 3 kwa 0 jijini Dar es Salaam na kufuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu zile za Lagos za mwaka 1980. Huko Misri ikafungwa mechi zote tatu, na Senegali, Kenya na Algeria. Je, uamuzi wa kocha ulikuwa sahihi? Matokeo hayawezi kutujibu, kwa kuwa mechi ile na wale saba uwanjani haikuchezwa. Linaloweza kusemwa ni kwamba sharti la kuripoti kwa wakati lilikuwa na sifa moja ambayo masharti mengi hayana: lilijulikana mapema, na kila mtu aliweza kuhakikisha kama limevunjwa au la.

Kwa walimu wanaochagua timu za UMISSETA lipo tahadhari jingine. Kijana aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka ule ule huhesabiwa kuwa wa rika moja, ingawa katika umri wa miaka 14 wa kwanza amemzidi mwenzake kwa karibu asilimia 7 ya maisha yao yote. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba miongoni mwa wachezaji bora wa magongo ya barafuni nchini Kanada, waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno kuliko wa miezi ya mwisho. Baadaye hali hiyo imeonekana katika kandanda ya vijana katika nchi nyingi. Mkubwa huchaguliwa kwa sababu ya mwili. Akiisha kuchaguliwa hupata mazoezi, mechi na viatu. Na baada ya miaka mitatu kweli huwa hodari kuliko yule aliyeachwa, na mwalimu husema, nilijua. Kwa hiyo karibu na jina la kila mchezaji paandikwe mwezi aliozaliwa, na wa Oktoba, Novemba na Desemba watazamwe mara moja zaidi kabla ya kukatwa.

Namna ya kuweka alama nayo ina hesabu yake. Mwaka 1907 Galton huyo huyo alichapisha makisio 787 ya watu waliokuwa wamebahatisha uzito wa nyama ya maksai katika maonyesho ya mifugo huko Plymouth. Kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207. Uzito wa kweli ulikuwa ratili 1,198. Umati ule ulikaribia ukweli kwa sababu kila mtu aliandika kisio lake kwenye karatasi yake mwenyewe. Kamati za timu nyingi hufanya kinyume: mwenyekiti hutaja jina kwanza, wengine huitikia, na maoni ya watu watano huwa maoni ya mtu mmoja. Watazamaji watatu wakiandika alama zao kimya kimya kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa, daftari lao huwa na habari mara tatu.

Basi kamati ya Kiongoroni yaweza kwenda hivi. Majina kumi au kumi na moja ambayo watazamaji wote watatu wamekubaliana yaandikwe bila mjadala. Aongezwe mlinda mlango wa pili, kiraka mmoja, na yeyote anayehitajika kwa upande uliobaki wazi. Zitasalia nafasi mbili na vijana wanne au watano waliokaribiana sana kiasi kwamba siku moja ya mazoezi haiwezi kuwatofautisha. Hao wachezeshwe mechi nne, za nusu uwanja zikibidi, kila mara na wenzi tofauti, na alama zijumlishwe. Ikiwa mmoja wao ni mvuvi na msimu wa kamba umeanza, aulizwe mapema kama atakuwapo siku ya safari, kwa maana kuwapo nako ni sehemu ya uwezo. Na daftari lisitupwe baada ya boti kuondoka: kijana aliyeshika nafasi ya kumi na saba mwaka huu tayari ana vipimo vinne, na mwakani atahitaji vichache kuliko mgeni yeyote.